Bombay ya asiyefika

Mimi ni mtu wa makaratasi. Huu mwaka wa 23 nimekaa kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya pili, dirisha linatazama upande wa Kilindini ingawa ukitaka kuyaona maji yenyewe lazima upande juu ya kiti. Kontena zinashuka, mimi naandika zimetoka wapi, zina nini, za nani. Nyingi zimetoka Bombay. Siku hizi hati husema Mumbai, au Nhava Sheva, ile bandari yao ya ng'ambo ya pili, lakini mdomoni mwetu bado ni Bombay. Jina hilo nimeliandika mara nyingi kuliko jina la marehemu mamangu. Na Bombay sijafika. Sijafika hata Unguja, ukitaka kujua.

Basi mwezi uliopita nimechutama mbele ya turubai la yule kijana anayeuza vitabu vya mitumba Digo Road, naokota kitabu chembamba kilicholiwa pembe na mende, nageuza nyuma nasoma kwamba ni kisa cha inspekta wa polisi wa Bombay. Kijana akasema shilingi 80. Nikatoa 80. Nilipofika stendi ya matatu ndipo nikakumbuka kwamba sikubisha bei, jambo ambalo mke wangu akilisikia atanipeleka hospitali.

Kitabu chenyewe ni The Perfect Murder, cha mwaka 1964, na mwandishi ni Mwingereza aitwaye H.R.F. Keating. Nilianza kukisoma nikiwa nimesimama. Ila kabla sijamfuata inspekta, nilivutwa na kitu kingine: penseli. Kuna mtu, zamani, aliyekisoma kitabu kile huku akigombana nacho. Pembeni mwa ukurasa wa pili ameandika "No." Mbele kidogo, "Who told him?" Mahali pengine ni alama ya kuuliza tu, imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Kila kurasa tatu nne, penseli. Huyu alikuwa mtu anayeijua Bombay, na alikuwa anamhoji Mwingereza kama afisa wa forodha anavyomhoji abiria mwenye masanduku sita. Halafu, kabla hata ya katikati, kuna neno moja kwa herufi za Kigujarati, nisizoweza kuzisoma. Baada ya neno hilo, penseli imekoma. Nilifunua kurasa zote zilizobaki nikizielekeza kwenye mwanga. Hakuna hata nukta.

Nitarudi kwenye neno hilo. Kwanza huyu Keating, maana nilikesha siku mbili nikimtafuta kwenye simu.

Jina lake kamili ni Henry Reymond Fitzwalter Keating, na alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1926 huko St Leonards-on-Sea, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Inasimuliwa kwamba babake alimpa majina yote hayo kwa sababu yangependeza kwenye mgongo wa kitabu. Hebu fikiria. Sisi huku mtoto anapewa jina la babu ili babu asipotee. Yule mzee alimpa mwanawe jina ambalo lilikuwa linasubiri kitabu. Kijana akapita jeshini, akasoma Trinity College kule Dublin, kisha akaingia magazetini. Hakuwa ripota wa kukimbizana na matukio. Kazi yake ilikuwa ya mezani: kupokea habari za wengine, kukata, kurekebisha, kutia kichwa. Alianzia kwenye gazeti la mikoani, akafika London mwaka 1956 kufanya kazi Daily Telegraph, halafu The Times. Niliposoma hapo nilimpenda. Ni karani kama mimi, anayeshughulikia safari za watu wengine.

Mwaka 1953 alimwoa Sheila Mitchell, mwigizaji wa jukwaani, na inasemekana ndiye aliyemsukuma: wewe unapenda sana kusoma riwaya za upelelezi, mbona huandiki yako? Akaandika. Ya kwanza ikatoka mwaka 1959. Zikafuata nyingine, watu wa kwao wakazisoma, lakini wachapishaji wa Marekani wakawa wanamrudishia: Kiingereza mno hizi, za Waingereza mno. Mtu wa kawaida angenuna. Yeye alifungua atlasi akatafuta pahala pa kuweka kisa kijacho, na kidole kikatua Bombay.

Wakati huo alikuwa hajawahi kufika India, wala hakwenda kwanza. Alikaa London na ramani, vitabu, filamu na magazeti, akaandika riwaya ya mji mzima, na riwaya hiyo ikapata Jambia la Dhahabu, tuzo ya juu ya Chama cha Waandishi wa Riwaya za Uhalifu cha Uingereza. Wao wanaiita Gold Dagger. Mimi naiita jambia, kwa sababu wangemtunuku hapa Mombasa angeivaa kiunoni siku ya harusi.

Mwanzo hata jina la mpelelezi alilikosea. Alitaka kumwita Ghosh. Akaambiwa na mwenye kujua kwamba Ghosh ni jina la Kibengali, la upande wa pili wa India, na polisi wa Bombay huenda akawa Mmaratha. Akabadilisha herufi, akawa Ghote. Inspekta Ganesh Ghote.

Hapo nilicheka peke yangu sebuleni, kicheko cha uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika jina la mteja vibaya. Lilikuwa jina la Kihindi lenye "bhai" mwishoni, na mimi, kwa akili yangu ya siku zile, "bhai" zote zilikuwa mtu mmoja. Hati ikasema huyu, ankara ikasema yule. Kontena ya vipuri vya mashine za kushonea ikakaa yadi siku 11, gharama ya hifadhi ikipanda kila kukicha, na mkuu wangu wa wakati ule akanisomea mbele ya ofisi nzima, na vijana wa chai pia. Nilikatwa mshahara miezi mitatu. Keating alikuwa na bahati: aliyemkosoa alimkosoa kabla kitabu hakijapakiwa.

Sasa kisa chenyewe. Tajiri mmoja wa Bombay, Lala Varde, ana katibu wake, mzee wa Kiparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, ambaye jina lake ni Perfect. Bwana Perfect amepigwa kichwani usiku nyumbani kwa tajiri. Magazeti yanapiga kelele: mauaji ya Perfect! Shida ni kwamba Bwana Perfect hajafa. Amelala hajitambui, na Ghote kila mara anaulizia: je, amekufa, hajafa? Kama hajafa, hiki ninachokichunguza ni nini? Juu ya hilo anatupiwa kesi ya pili. Kwenye meza ya Waziri wa Mambo ya Polisi na Sanaa imepotea noti. Noti ya rupia moja. Inspekta aache mtu anayekata roho, akatafute rupia moja, maana ni rupia ya waziri.

Nikasema, huyu Keating kafika Bombay huyu. Au kafika ofisi yangu.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo nimelitafuna wiki nzima. Mtu akiandika asipopajua ana njia mbili. Ya kwanza ni kujitia ujuzi: kumwaga majina ya mitaa, vyakula, nguo, mpaka msomaji achoke kabla hajagundua. Wengi ndio mtindo wao. Nimesoma riwaya za wageni kuhusu Mombasa ambamo kila mtu anakunywa kahawa chungu chini ya Ngome akitazama mwezi. Njia ya pili aliiona Keating. Alichukua wasiwasi wake mwenyewe, wasiwasi wa mtu anayetembea gizani asijue ukuta uko wapi, akamvika Ghote. Ghote hana hakika na chochote. Anaogopa wakubwa, anaogopa matajiri, anaogopa hata mashahidi. Ana kitabu chake cha kiada cha upelelezi, cha Hans Gross, anakitegemea kama mimi ninavyokitegemea kile kijitabu cha ushuru kilichotoka jalada, na kila mara dunia inakataa kwenda kama kitabu kinavyosema. Anaahidi moyoni atakuwa mkali, akifungua mdomo anatoa upole. Mkewe, Protima, Mbengali, ana ulimi. Mwanawe Ved anataka hiki na kile. Mshahara hautoshi.

Na ubavuni mwake katika kitabu hicho cha kwanza kuna Mswidi mmoja mkubwa wa mwili, mtaalamu wa UNESCO, Axel Svensson, aliyekuja kusoma mbinu za polisi wa Bombay. Joto linamtoa jasho, haelewi, anauliza maswali ya ajabu. Mimi kwa hukumu yangu, huyo Mswidi ni Keating mwenyewe. Alijua atasutwa kuwa ni mgeni, akaamua kujiingiza humo humo kitabuni mlango wa mbele, kofia mkononi.

Linganisha na Bwana Msa wetu. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimchukua mpelelezi wa mtindo wa Sherlock Holmes, na kiko chake mdomoni, akamtia Unguja, na Unguja ile aliijua kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Kwa hiyo Bwana Msa hana wasiwasi. Anavuta kiko, anatabasamu, anawaacha wenzake wahangaike. Mwenyeji akaandika mpelelezi mwenye hakika, na mgeni akaandika mpelelezi mwenye shaka. Nampenda Bwana Msa tangu shule, lakini ningekuwa na shida ya kweli, mathalani mtu kanigeuzia hati kazini, ningemwendea Ghote. Bwana Msa angenifanya nijione mjinga.

Turudi kwenye penseli.

Ijumaa baada ya swala nilikichukua kitabu nikashuka nacho Mji wa Kale, kwa mzee mmoja wa Kibohora, wale Wahindi Waislamu wenye asili ya Kigujarati, ambaye nilikuwa nimemtolea mizigo yake miaka mingi, iliki na bizari na zile pilipili nyekundu za kukausha. Duka limebaki dogo sasa, watoto wake wako Toronto, lakini yeye kila asubuhi anafungua, anakaa nyuma ya mizani na kofia yake nyeupe yenye uzi wa dhahabu. Ana miaka 82. Kiswahili chake ni Kimvita cha ndani kabisa, kile ambacho mimi niliyezaliwa Changamwe sikipati hata nikijikaza.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waleikum salaam, mwanangu. Leo wanileteya mzigo ama wanileteya deni?"

Nikamwambia namletea neno moja. Akavaa miwani, akakisogeza kitabu mpaka karibu na pua, akaangalia herufi zile za penseli. Akatikisa kichwa.

"Bicharo," akasema.

"Maana yake?"

"Maskini. Maskini huyu." Akasoma ukurasa wenyewe, mdomo ukitembea. "Wamgombeza. Mkubwa wake. Ndipo aliyeandika akaandika: bicharo."

Basi lilikuwa neno hilo. Yule msomaji wa zamani aliingia kitabuni na penseli ili kumkamata Mwingereza, akamkamata kweli kurasa hamsini nzima, halafu akafika pahala ambapo Ghote anasutwa na mkubwa wake, akamwonea huruma. Akaiweka penseli chini. Sidhani makosa yaliisha baada ya ukurasa huo. Sioni kwa nini yaishe. Aliacha kuyahesabu tu.

Mzee hakunirudishia kitabu. Alikiweka juu ya mizani, mizani ikashuka upande mmoja, akaniagizia kahawa. Yeye Bombay alikwenda mwaka ule ule, 1964, kijana, kuchukua mke. Alipanda Karanja hapa Kilindini, ile meli ya kampuni ya British India iliyokuwa ikipita Bombay, Shelisheli, Mombasa mpaka Durban. Akanieleza harufu ya sitaha, watu wamelala na majiko yao, mchuzi na mafuta ya mashine. "Nalikwenda peke yangu, nalirudi na watu sita," akasema, maana mke alikuja na mama, na mama alikuja na dada zake. Nikamwambia Mwingereza huyu mwaka ule alikuwa London, hajafika. Akafungua kati, akasoma, akanyamaza muda.

"Mvua yake ni kweli," akasema mwisho.

"Kweli vipi, Mzee?"

"Mvua ya Bombay haikuulizi. Huyu yuwajua kuwa haikuulizi."

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanikera. Keating anawasemesha watu wake Kiingereza cha Kihindi, sentensi zinazojikunja, "I am telling you", "What it is you are wanting", ukurasa baada ya ukurasa. Mimi kila nikisoma nilisikia zile michezo ya redioni na ya televisheni zetu za kumcheka Muhindi dukani: veve nataka nini, mimi hapana jua. Nimezicheka nami, sitasema uongo. Lakini hapa nimekaa na Muhindi anayesema "nalikwenda" na "yuwajua" wakati mimi nachanganya sheng' na Kiingereza cha ofisini. Nikaona haya kumsomea. Nikamsomea.

Alisikiliza. "Ami yangu alisema hivyo hivyo," akasema. "Kiingereza chake. Alikuwa hakimu wa mtaa mzima na Kiingereza hicho. Huyu hamcheki. Yuwamsikiza."

Labda. Mimi bado naona kuna kurasa ambamo Keating amezidisha, kama mpishi aliyeonjeshwa bizari jana na leo anaitia hata kwenye chai. Ila Mzee ndiye mwenye haki ya kusamehe, na amesamehe, kwa hiyo nakaa kimya.

Tangu hapo nimepata vitatu vingine, viwili kwa kijana wa Digo Road na kimoja nimekisoma kwenye simu hadi macho yakawasha. Kuna Inspector Ghote Hunts the Peacock, cha 1968, anapelekwa London na baridi inamtia adabu. Hapo safari imegeuzwa, sasa Ghote ndiye mgeni. Kuna Filmi, Filmi, Inspector Ghote cha 1976, kwenye studio za filamu za Bombay. Hicho aliandika baada ya kufika. Ndiyo, alifika hatimaye, kama miaka kumi baada ya kitabu cha kwanza: Air India ilisikia kwamba kuna mtu anaandika Bombay bila kuiona, ikampa tikiti. Nilitarajia baada ya hapo vitabu vichangamke. Kusema kweli Filmi, Filmi kina harufu zaidi na joto zaidi, lakini Ghote mwenyewe hakuongezeka. Alikuwa ameshakamilika katika chumba cha London.

Kilichonikalia kooni ni kile cha 1986, Under a Monsoon Cloud. Anayetaka kukisoma aruke aya hii na inayofuata. Kuna afisa mkubwa, Kelkar, wanamwita Chui Milia kwa ukali wake, polisi safi asiyekula rushwa, na Ghote anamhusudu kuliko mtu yeyote. Wako kituo cha mbali, mvua inamwagika. Kuna sajini mmoja goigoi, mjinga wa kuudhi. Kelkar anashikwa na hasira anamrushia kidau cha wino cha shaba. Kinampiga kichwani. Anakufa. Hakukusudia; ni sekunde moja tu. Na Ghote, huyu huyu mwoga anayeogopa hata kuchelewa kazini, anamsaidia mkubwa wake kuuficha ule mwili.

Baadaye mambo yanafumka, uchunguzi unaitishwa, na Ghote lazima aamue: aseme kweli apoteze kazi na heshima ya nyumba yake, au aape uongo. Kitabu kizima kiko hapo, kwenye koo la mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti akiulizwa maswali. Mimi nimewahi kukaa kwenye kiti cha namna hiyo, kwa jambo dogo mno ukilinganisha, mzigo uliopungua magunia manne na saini yangu iko chini ya hati. Najua jinsi mikono inavyokuwa mizito. Najua unavyomtazama yule mkubwa uliyemheshimu, naye anaangalia dirisha. Hayo Keating hakuyapata kwa tikiti ya ndege.

Na mtu huyu, nisisahau, alikuwa mhakiki vile vile. Kwa miaka 15 hivi, tangu 1967, ndiye aliyekuwa akihakiki riwaya za uhalifu kwenye The Times. Ni kazi ya hatari kwa mwandishi: leo unamwambia mwenzako kitabu chake kimelegea, kesho anakusoma wewe. Aliandika pia juu ya Sherlock Holmes, akahariri kitabu cha makala kuhusu Agatha Christie, akaandika mwongozo wa namna ya kuandika riwaya za uhalifu. Mwaka 1987 akatoa orodha ya vitabu 100 bora vya fani hiyo kwa maoni yake, kuanzia Edgar Allan Poe mpaka P.D. James, kila kimoja na kurasa mbili za maelezo. Yeye mwenyewe hamo. Ningekuwa mimi ningejipenyeza namba 97 hivi, katikati ya watu, nikitumaini hakuna atakayeona.

Kuanzia 1985 mpaka 2000 alikuwa rais wa Detection Club, chama cha waandishi wa upelelezi kilichoanzishwa London mwaka 1930. Agatha Christie aliwahi kukalia kiti hicho, na kabla ya Keating alikuwepo Julian Symons, mwandishi na mhakiki kama yeye. Mwanachama mpya huapishwa mbele ya fuvu la kichwa lenye jina, Eric, na kiapo chenyewe cha zamani kilimtaka aahidi kwamba wapelelezi wake watafumbua mafumbo kwa akili waliyopewa, bila kuteremshiwa ufunuo, bila uchawi wala bahati nasibu. Nilimsomea mke wangu. Akasema basi sisi tusingeruhusiwa kuingia, maana bangili yake iliyopotea mwaka juzi ilitafutwa kwa ramli na dada yake, ikapatikana chini ya friji. Nikamwambia ilipatikana kwa sababu nilisogeza friji. Akasema, na nani aliyekutia wazo la kusogeza? Mjadala haujaisha.

Mengine ya Keating nayapitisha haraka. Jambia la Dhahabu la pili mwaka 1980, kwa The Murder of the Maharajah. Riwaya tatu kwa jina la bandia, Evelyn Hervey. Mwaka 1996 Jambia la Almasi, la kazi ya maisha yote. Baadaye alianzisha mfululizo mwingine wa afisa wa polisi wa kike, Harriet Martens, huko kwao Uingereza. Nimejaribu kimoja, nikakiweka. Kina hakika mno. Mwaka 2000 alimuaga Ghote kwa kitabu alichokikusudia kiwe cha mwisho, halafu mwaka 2008, akiwa na zaidi ya miaka 80, akashindwa kukaa bila yeye, akaandika kesi yake ya kwanza kabisa. Alifariki London tarehe 27 Machi 2011.

Mwaka 1988 ilitoka filamu ya kile kitabu cha kwanza, iliyotengenezwa na kampuni ya Merchant Ivory, na Ghote ni Naseeruddin Shah, mwigizaji mashuhuri wa India. Nilipomtajia Mzee, uso ulibadilika. "Naseeruddin? Ungalisema mapema." Akakitoa kitabu kwenye mizani, akakiingiza kwenye droo ya pesa, akafunga kwa ufunguo. Nikajua hapo shilingi 80 zangu zimekwenda.

Nimempitia mara tatu tangu siku ile. Mara ya kwanza alikuwa ukurasa wa 30. Mara ya pili alikuwa wa 41, na kalamu ya risasi iko sikioni. Nikamuuliza kama anakosoa naye, akasema hapana, ni ya hesabu za iliki. Jana nilimkuta ameegemea gunia, kitabu kifuani, miwani juu ya kipaji.

"Mwanangu, huyu Parsi wako amekufa ama hajafa?"

"Soma tu, Mzee. Mbele utaona."

"Mimi nina miaka themanini na mbili, nasoma kurasa nne kwa siku." Akaivuta miwani ikarudi machoni. "Yeye amelala kitandani, daktari yuko, polisi yuko. Sasa wewe niambie, ni nani wa kumngoja mwenzake?"